Fergus Suter na Mawe Magumu ya Lancashire

Mwishoni mwa mwaka 1878, kijana mmoja mwashi kutoka Glasgow alihamia Darwen, mji wa vinu vya pamba katika jimbo la Lancashire, kaskazini-magharibi mwa England. Alianza na kazi aliyoizoea, ya kuchonga mawe, lakini haukupita muda akaiweka chini patasi. Sababu aliyoitoa ni kwamba mawe ya England ni magumu mno kuliko ya kwao Uskoti, na kwamba kuyachonga kulimvimbisha mikono. Tangu hapo hakuwa na kazi nyingine iliyojulikana. Alikula, alivaa, alilipa kodi ya chumba, na kila Jumamosi alasiri alikuwa uwanjani akicheza beki katika timu ya Darwen, katika mchezo ambao wenye mamlaka juu yake waliona ni aibu mtu kupokea hata senti moja kwa kuucheza.

Huyo ndiye Fergus Suter, aliyezaliwa Glasgow tarehe 21 Novemba 1857, ambaye historia ya soka humtaja mara nyingi kuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa. Sifa hiyo ya kuwa wa kwanza si ya kung'ang'ania. Miaka miwili kabla yake, Mskoti mwingine, James Lang, aliyepofuka jicho moja kwa ajali katika karakana ya meli, alikwishahamia Sheffield kuichezea klabu ya The Wednesday, na huko akapewa ajira ya jina tu katika kiwanda cha visu. Kwa hiyo Suter hakuziingiza fedha kwenye soka, alizikuta zikizunguka. Kinachonifanya nimrudie ni namna alivyolipwa, kwa sababu katika namna ile kuna jambo ambalo mijadala ya soka la ridhaa na soka la kulipwa hulipita bila kuligusa. Marufuku ya malipo haikuyaondoa malipo. Iliondoa haki ya mchezaji kuyadai.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kilipotafuta jina la mchezo usio na ujira kilichagua ridhaa, na nadhani kilisema zaidi ya kilichokusudia, maana ridhaa ni kukubali kwa hiari. Anayecheza kwa ridhaa ni yule aliyekubali mwenyewe kutolipwa, na mtu wa kulikubali jambo kama hilo sharti awe na pa kulala na cha kutia tumboni pasipo mpira. Waungwana waliolishika usukani soka la England katika miaka ya 1870, wengi wao wahitimu wa shule za bweni za gharama kubwa kama Eton na Harrow, walikuwa navyo vyote viwili, na hivyo wakaweza kuridhia. Mfanyakazi wa kinu cha pamba alikuwa na Jumamosi alasiri tu, nayo aliipata kwa nguvu ya sheria ya viwanda ya mwaka 1850, iliyokataza vinu kufanya kazi baada ya saa nane mchana siku hiyo. Mechi ikichezwa Alhamisi, au ikichezwa mbali kiasi cha kumlazimu kupanda treni Ijumaa, alikatwa mshahara. Kumwambia mtu huyo kwamba acheze kwa ridhaa ni kumwomba aridhie hasara.

Suter mwenyewe alitoka upande wa nyundo. Aliichezea klabu ya Partick, ambayo haihusiani na Partick Thistle ya leo, katika mji uliokuwa bado una manispaa yake kando ya Glasgow. Ni katika Partick hiyohiyo, kwenye uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent, ambako Uskoti na England zilicheza mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa tarehe 30 Novemba 1872, zikatoka sare bila kufungana. Matokeo yale hayasemi mengi, lakini mchezo wenyewe ulisema. Waingereza, waliokuwa wakubwa zaidi kwa miili, walikokota mpira kila mmoja kwa zamu yake, wenzake wakimfuata nyuma kama watu wanaosindikiza gari bovu, wakisubiri mpira umponyoke. Waskoti, wote 11 wakitokea klabu ya Queen's Park, walipasiana. Wazo hilo, ambalo kwetu leo ni la kawaida hata kwa watoto wa chandimu, lilikuwa maarifa mapya, na yalikuwa ya Waskoti. Machi 1878 waliifunga England mabao 7 kwa 2 jijini Glasgow.

Hapo ndipo ieleweke Darwen walikuwa wananunua nini. Hawakununua miguu ya Suter peke yake, wala kimo chake. Walinunua mtu aliyejua mahali pa kusimama, wakati wa kuuachia mpira na nani wa kumpa, na ambaye wenzake wangejifunza kwa kucheza naye kila wiki. Waingereza walianza kuwaita wachezaji wa aina yake maprofesa wa Kiskoti, jina lililokuwa na utani ndani yake na heshima pia. Klabu zenye vijana wenye nguvu zilikuwa nyingi Lancashire. Walimu walikuwa wachache, na mwalimu hachukui muda kuijua thamani yake.

Suter alikwishaiona Darwen kabla ya kuhamia, kwani timu ya Partick ilizuru mji huo siku ya mwaka mpya wa 1878. Oktoba mwaka huohuo benki ya City of Glasgow ilianguka, na anguko lake likaburuta wafanyabiashara na wajenzi wengi wa Glasgow. Aliyewahi kuishi katika mji ambao majengo yamesimama nusunusu kwa kukosa fedha anajua kwamba mwashi ni miongoni mwa watu wa kwanza kulala na njaa. James Love, mwenzake wa Partick, alikuwa ametangulia kwenda Darwen, Suter akafuata. Love hakudumu. Alijiunga na jeshi la majini la Uingereza, akafa kwa homa nchini Misri mwaka 1882, umri ambao wenzake walikuwa ndio kwanza wanaanza kuonja umaarufu.

Na yale mawe? Wengi humcheka Suter kwa kisingizio chake, nami nakubali kwamba kilikuwa kisingizio, ila si cha uongo mtupu. Nyumba za Glasgow za zama zile zilijengwa kwa jiwe la mchanga la rangi ya krimu, ambalo likitoka machimboni hukatika vizuri chini ya patasi. Jiwe la vilima vya Lancashire ni la chembe kubwa zenye ukali, jamii ya mawe ambayo watu wa kule waliyatumia kutengeneza mawe ya kusagia nafaka. Mwashi anayebadilisha jiwe moja kwa jingine huhisi tofauti kwanza kwenye kiganja, kisha kwenye kifundo, kwa sababu kila pigo la nyundo ambalo jiwe halilipokei hurudi kwenye mkono ulioshika patasi. Mikono ya Suter yawezekana ilivimba kwelikweli. Alichokuwa nacho yeye, ambacho waashi wengine wenye mikono iliyovimba hawakuwa nacho, ni njia ya pili.

Thamani ya njia hiyo ilionekana mapema mwaka 1879, Darwen walipofika robo fainali ya Kombe la FA, yaani kombe la chama cha soka cha England, na kupangwa na Old Etonians, timu ya wahitimu wa Eton. Kanuni zilitaka mechi za hatua hiyo zichezwe London, kwenye uwanja wa Kennington Oval, jambo ambalo kwa Etonians lilikuwa safari ya mjini na kwa Darwen safari ya zaidi ya kilomita 300. Tarehe 13 Februari, Etonians waliongoza kwa mabao 5 kwa 1, na ilipobaki robo saa hivi Darwen wakafunga manne. Wakiwa 5 kwa 5 na wapinzani wamechoka, watu wa Darwen waliomba muda wa nyongeza, waungwana wakakataa. Basi wakarudi kaskazini, wakachangisha fedha mjini kwa ajili ya nauli, wakashuka tena London Machi 8 na kutoka sare ya 2 kwa 2, wakapanda treni tena, wakashuka mara ya tatu Machi 15, na miguu ikagoma: 6 kwa 2. Etonians wakaendelea hadi wakatwaa kombe.

Ni kweli kwamba Etonians wenyewe na FA walichangia kidogo gharama za Darwen, na si vyema kulificha hilo. Lakini ukiitazama ratiba ile bila haraka utaona kwamba fedha ziliamua mechi hata ukiyaweka kando malipo ya Suter, maana kila sare iliwapunguzia wafanyakazi wa vinu mshahara na usingizi, na haikuwapunguzia kitu watoto wa wenye mashamba na benki. Mwaka huohuo Darwen waliandaa mechi ya manufaa kwa ajili ya Suter na Love, njia ya heshima ya kuwapa fedha bila kuziita ujira.

Mwaka 1880 Suter alifanya jambo lililowauma watu wa Darwen hadi wajukuu wao: alihamia Blackburn Rovers, jirani na hasimu. Uvumi wa zama zile ulitaja kitita alichopewa. Novemba mwaka huo timu hizo zilipokutana kwenye uwanja wa Alexandra Meadows mjini Blackburn, mashabiki waliingia uwanjani na mechi ikavunjika. Huo ulikuwa mji wake wa pili katika miaka miwili, na tayari watu walikuwa wakigombana kwa ajili yake, ingawa kwa mujibu wa taratibu za mchezo wake hakuwa mwajiriwa wa upande wowote. Hapa ndipo wengi humwita mamluki. Mimi nauliza alivunja mkataba upi. Hapakuwa na mkataba, kwa sababu hakuna klabu ambayo ingethubutu kuandika mkataba wa jambo lisiloruhusiwa. Klabu iliyokataa kukiri kwamba inamlipa haiwezi kumlaumu kwamba amevunja ahadi ya ajira.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1902, Suter aliliambia gazeti la Lancashire jinsi mambo yalivyokwenda. Hakuwa na mshahara maalumu. Alikuwa akimwendea mhazini kadiri haja ilivyojitokeza; angeweza kukaa miezi mitatu bila kuchukua kitu, lakini akitaka pauni 10 aliomba, naye alipewa. Maelezo hayo hunukuliwa kwa kawaida kama ushahidi wa neema: tazama jinsi alivyodekezwa! Pauni 10 hazikuwa fedha ndogo, ukizingatia kwamba mfumaji wa kinu alikuwa na bahati akipata pauni 1 kwa wiki.

Mimi nayasoma kwa namna nyingine, na ningependa msomaji aliangalie neno kuomba. Mwashi hamwombi bwana wake ujira. Siku ya malipo ikifika anausimamia. Suter alimwendea mhazini, akaeleza shida yake, na jibu lilitegemea kama alicheza vizuri Jumamosi iliyopita, kama sanduku lilikuwa na kitu, kama mhazini aliamka na moyo mkunjufu. Ilimpasa ajue mwenyewe kiasi gani ni halali kuomba na kiasi gani kingemfanya aonekane mlafi. Angevunjika mguu, asingekuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu. Klabu ingekana, angeshitaki wapi? Angelazimika kwanza kukiri kosa, na mwaka 1882 FA iliandika wazi kwamba mchezaji anayepokea chochote zaidi ya gharama halisi na mshahara aliopoteza kwa siku ya mechi afungiwe kushiriki mashindano yake. Uhusiano wa namna hiyo hauna jina la ajira katika lugha yoyote ninayoijua. Ni uhusiano wa mtegemezi na mfadhili wake, ambamo mmoja hutoa na mwingine hushukuru. Wapinzani wa malipo walidai wanamlinda mchezaji asiwe mtumwa wa fedha, na kwa marufuku yao wakamfanya mtumwa wa hisani.

Blackburn walipofika fainali ya Kombe la FA tarehe 25 Machi 1882, walikuwa hawajapoteza mechi yoyote kati ya 35 zilizotangulia, na waliokutana nao walikuwa Old Etonians walewale. Etonians walishinda 1 kwa 0, na nahodha wao Arthur Kinnaird akasimama kwa kichwa, miguu juu, mbele ya jukwaa. Furaha yake naielewa. Lakini Kinnaird ananivutia kwa sababu nyingine. Alizaliwa London, alikuwa mwanabenki na mrithi wa cheo cha ukabaila wa Uskoti, na mwaka 1873 aliichezea timu ya taifa ya Uskoti. Suter, mzaliwa wa Glasgow aliyejifunza mpira Glasgow, hakuichezea Uskoti hata mara moja. Wenzake wawili wa Blackburn, Jimmy Douglas na Hugh McIntyre, walikuwa na mechi moja moja za taifa, zote za mwaka 1880, kabla hawajahamia kusini. Walipovuka mpaka mlango ukafungwa, na haukufunguliwa kwa Waskoti wanaocheza England hadi mwaka 1896. Damu ya benki ilihesabika kuwa ya Kiskoti hata ikizaliwa London, na mwashi aliyefuata riziki akahesabiwa mgeni. Katika hadithi yote ya Suter, hilo ndilo naliona kuwa dhuluma ya wazi, na si ajabu kwamba ndilo husimuliwa kwa uchache.

Kombe lilikuja hata hivyo, na lilikuja kwa mfululizo. Mwaka 1884 Blackburn Rovers waliwafunga Queen's Park 2 kwa 1 kwenye fainali, mwaka 1885 wakawafunga tena 2 kwa 0, na mwaka 1886 wakawashinda West Bromwich Albion 2 kwa 0 katika marudiano mjini Derby baada ya sare tasa. Suter alicheza fainali zote hizo. Mbili za mwanzo zina ladha ya pekee, kwani Queen's Park ndiyo klabu iliyoubuni mchezo wa kupasiana, na kaulimbiu yake ya Kilatini inasema kucheza kwa ajili ya kucheza. Ilishikilia soka la ridhaa hadi mwaka 2019. Maarifa ya Glasgow yalirudi kuifunga Glasgow, yakiwa yamelipiwa na pamba.

Wakati huo uongo ulikuwa umechoka wenyewe. Januari 1884, baada ya mechi ya kombe na Upton Park ya London, Preston North End walishitakiwa kwa kulipa wachezaji, na kiongozi wao William Sudell, badala ya kukana kama ilivyokuwa desturi, alikiri, akaongeza kwamba hakuna asiyefanya hivyo. Preston wakatolewa. Klabu za kaskazini zikatishia kujitenga na kuunda chama chao, na tarehe 20 Julai 1885 FA ikahalalisha malipo, kwa sharti kwamba kwenye mechi za kombe mchezaji wa kulipwa awe amezaliwa, au ameishi kwa miaka miwili, ndani ya maili sita kutoka uwanja wa klabu yake. Sudell, nitaje kwa kupita tu, alifungwa mwaka 1895 kwa kuiba fedha za kiwanda alichokisimamia, nyingi zikiwa zimeishia kwenye timu. Naye pia alizoea hesabu za gizani. Uskoti ilisubiri hadi 1893 kuyahalalisha malipo.

Sheria ilipobadilika Suter alikuwa anaelekea miaka 28, umri ambao kwa beki wa zama za viatu vya ngozi ngumu na viwanja vya matope ulikuwa tayari ni alasiri. Hesabu za wazi zilipoanza kuandikwa, mwenzake kijana James Forrest alilipwa pauni 1 kwa wiki, fedha ndogo kuliko zile ambazo watu walimwonea Suter wivu, lakini ilikuwa na siku yake na saini yake. Siwezi kusema uhalali ulimaliza shida za wachezaji, kwa kuwa klabu zilijua haraka jinsi ya kuugeuza mkataba kuwa pingu, na mwaka 1901 ziliwekeana kikomo cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki, ambacho kilidumu kwa sura mbalimbali hadi 1961. Lakini mwenye pingu za mkataba anaweza kuzionyesha. Wachezaji waliunda vyama, waligoma, walikwenda mahakamani. Suter wa mwaka 1880 asingeweza kufanya lolote kati ya hayo.

Ligi ya kwanza ya soka duniani ilipoanzishwa mwaka 1888, Blackburn Rovers walikuwa miongoni mwa klabu 12 waasisi. Suter aliicheza ligi hiyo mara moja tu. Ilikuwa Desemba 1888, dhidi ya West Bromwich Albion. Golikipa wa kawaida hakupatikana, na yule beki wa fainali nne akaenda kusimama kati ya milingoti, mikono ileile iliyoshindwa mawe ya Lancashire ikisubiri mipira ya ngozi iliyokunywa maji ya mvua. Blackburn walifungwa.

Baada ya mpira aliendesha nyumba za wageni na vilabu vya pombe, Blackburn na Darwen. Alifariki tarehe 31 Julai 1916. Watu wa Darwen waliomzomea mwaka 1880 walikuja kunywa kwake na kulipa mbele ya kaunta. Nyumba yake ya huko iliitwa Millstone Hotel, yaani hoteli ya jiwe la kusagia.